Mkono Nilioukosea

Bibi yangu wa kitanda cha dirishani,

Hukunizaa wala hukunilea. Siku ya kwanza tu ulikataa nikuite mgonjwa. "Niite Bibi," ulisema, na mimi mtoto wa Kikwajuni nikapata bibi wa mtaa wa Jang'ombe.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Kiharusi kilikulegeza upande wa kushoto, nami nilikuwa mwanafunzi pale hospitali, nafunzwa kumsaidia mgonjwa azirudie shughuli zake za kila siku. Mwalimu hakuchoka kutwambia: tazama, uliza, kisha ndiyo upange. Basi nikakutazama unakula. Ulimega wali kwa mkono wa kulia, safi kabisa. Nikaandika: mkono anaoutumia umesalimika. Wiki nne nikashughulika na mguu wako utembee, mkono wa kushoto nikauacha ukalala. Hatua ya kuuliza niliiruka, na kichwa kilinivimba kwa kujiona hodari.

Nikapendekeza urudi nyumbani Jumamosi. Ijumaa nikakukuta unalia, kofia iliyoshonwa nusu mapajani. Ilikuwa ya mjukuu wako wa damu, aliyekuwa anaoa mwezi ule.

"Si mkono mzima unao, Bibi?"

"Huu wa kulia chakula tu. Nnashona kwa shoto tangu kigori."

"Mbona hukunambia?"

"Kwani uliniuliza?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nani Unguja asiyekula kwa mkono wa kulia? Hata mtu wa mashoto huchapwa utotoni mpaka auzoee. Mgeni angeweza kukosea. Mimi nilijua, na bado nikahukumu kwa sahani ya wali.

Nikaenda kwa mwalimu, nikakiri, nikaichana ripoti yangu. Ukabaki. Kila asubuhi tulivinyoosha vidole vyako, kimoja kimoja, ukinitania kuwa nnavishika kama nnachambua dagaa. Mwisho vikaweza kukishika kitambaa, na sindano ikahamia kuliani. Mishono ilikwenda upande, ukaifumua, ukashona tena.

Harusi ikafika kofia haijesha. Bwana harusi akavaa ya dukani. Wiki nne zile zingetosha, Bibi, na wewe ulilijua hilo. Hukunilaumu hata kwa jicho.

Sasa nna wanafunzi wangu. Nnawahadithia kisa chako, wanacheka pale pa kuchambua dagaa, nami nnacheka nao. Nimewaeleza yote. Wewe, uliyekuwa mbele yangu kila asubuhi, sikukwambia neno moja la kosa langu, nikaona haya mpaka ukaondoka duniani. Mungu akurehemu. Niwie radhi, Bibi.

Mjukuu wako wa wodini