Makovu Yapo, Ulemavu Hakuna

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepimwa na daktari wa bodi ya fidia. Nimewaacha hoi! Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, marashi kidogo shingoni. Muuguzi kaniuliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwambia mgonjwa kabaki nyumbani, mimi ni mdogo wake. Alicheka mpaka faili likamponyoka.

Daktari mwenyewe kijana, ningeweza kumzaa. Kauliza nilifanya kazi gani. Basi nikampa yote. Kiwanda cha mabati ya asbesto, mimi mkataji namba moja, msumeno unalia, vumbi jeupe mpaka humwoni aliye mbele yako. Mchana tunatoka tumepakaa kama waoka mikate. Halafu nikapewa ufundi wa kuezeka, nikapelekwa nchi za watu. Miji mingi nimeiona kutoka juu kabla ya kuiona kutoka chini! Nikamnyooshea kidole juu: hata hapa, daktari, bati lililo juu ya kichwa chako nimelikata mimi. Akatazama juu. Kalamu ikasimama kidogo.

Kauliza, mzee, unatembea umbali gani bila kupumzika? Mimi? Nikamwambia nionyeshe njia tu, mwisho wake utanikuta nakusubiri. Na ngazi? Nazipanda mbilimbili. Muuguzi alikuwa pale pale mlangoni, anasikiliza. Ningesemaje?

Kurudi nyumbani — kile kilima. Siri yangu hii haijui mtu: napumzika kwa salamu. Kila penye mtu nasimama. Habari za asubuhi? Za nyumbani? Watoto? Mama mkwe na ule mguu wake? Yeye anajibu, mimi navuta pumzi. Mwenye duka, fundi cherehani, mama wa magazeti. Nikiwamaliza, nimefika juu. Mtaa mzima wanasema hakuna mzee mwenye utu kama mimi. Na kweli nawapenda, sidanganyi. Ila leo fundi cherehani kafunga. Pale katikati hapakuwa na mtu.

Nikasalimia paka.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa Kifupi. Kifupi ni mrefu kuliko mlango wake, ndiyo maana tulimwita hivyo. Wa msumeno tumebaki mimi na yeye. Anakaa kitandani na mashine ya oksijeni, inanguruma kama friji bovu. Bodi ilimkubali mwaka jana, mashine ikanunuliwa kwa fidia. Daktari wangu wa kifua — si huyu kijana wa bodi — kashaniambia zamu yangu haiko mbali. Bei ya mashine siandiki. Nikiiandika, kalamu itazimia.

Nikamsimulia nilivyowachekesha. Kifupi hakucheka. Katoa barakoa mdomoni: "Wewe, ulikwenda kupimwa au kuposa?"

Nikamwambia picha za kifua wanazo, wataona wenyewe. Akasema picha haipandi ngazi.

Jumamosi, 9 Machi

Binti yangu kapiga. Jumamosi ndiyo siku yake, mtoto akilala. Yuko mbali, mume safarini, yeye kazini, mtoto mchanga mgongoni. Nimwongezee na mimi?

"Baba, unafanya nini?"

Nilikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni. Ukilala chali siku hizi kifua kinakuwa kama kimekaliwa. Juu yangu bati langu lile lile. Kiwandani walikuwa wanatugawia yaliyopasuka kidogo, tukayashukuru sana. Nikaliangalia, nikamwambia: niko juu ya paa, mwanangu, napigilia msumari.

"Baba! Kwa umri huo!"

Umri gani? Nikagonga ubao wa kitanda asikie nyundo.

Kacheka. Kicheko cha mama yake, kile kile. Simu ikikatika, nyumba inakuwa kubwa.

Jumatano, 13 Machi

Hakuna kitu. Nimebishana na redio. Imenishinda.

Jumatatu, 18 Machi

Wamenikataa.

Dada wa kaunta kanisomea kwa upole: makovu yapo kwenye mapafu, ulemavu hakuna. Mwombaji anafanya shughuli zake zote bila shida. Nikamwambia dada, hapo mmekosea, mimi hata kufua nafua kwa vituo. Akageuza karatasi. "Mzee wangu, tulimpigia binti yako. Namba ulitupa mwenyewe. Kasema Jumamosi tu ulikuwa juu ya paa na nyundo."

Foleni yote ikacheka. Mzee wa paa! Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote, mpaka kikohozi kikanishika, nikatoka nje nimejiziba na leso kama mtu anayefuta jasho.

Nikakaa ukingoni mwa ngazi nikaangalia viatu vyangu. Vinang'aa vizuri. Vya nini?

Yule dada kanifuata. Kumbe nafasi ya rufaa ipo: Jumanne ya wiki ijayo, mbele ya madaktari watatu. Na binti watampigia tena, kwa sababu ndiye ndugu pekee niliyemwandika. Wakikataa hiyo, basi, hakuna nyingine.

"Na mzee," akasema, "safari hii usivae suti."

Jumatano, 20 Machi

Nimempigia binti mwenyewe. Siku isiyo yake — kashtuka. "Baba, kuna nini?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, nimeyasema mbele ya kioo. Mwanangu, mimi naumwa. Matatu tu! Mtu niliyebishana na maofisa wa mipaka kwa lugha nisizozijua.

Nikasema, mwanangu, nina jambo.

"Sema, Baba."

Mtoto kaota meno?

Akaniambia la kwanza limetoka, chini, anang'ata kila kitu. Nikamuuliza habari za kazi. Za mkwe wangu. Za jirani yake yule mwenye mbwa.

"Baba, za jirani umeshaniuliza."

Nikasema nampenda sana yule mbwa.

Jumapili, 24 Machi

Kwa Kifupi tena. Kasema tufanye mazoezi, yeye awe daktari. Kafungua kitabu cha nyimbo cha marehemu mkewe, kavaa miwani kichwa chini miguu juu. "Mgonjwa, ingia!"

Nikaingia nimejikunja, mkono kifuani, naguna kama mlango mbovu. Kifupi kacheka mpaka barakoa ikaenda shavuni. Nikaongeza. Nikapepesuka, nikaanguka kwenye kiti, nikausia mali zangu: sufuria kwa mwenye duka, paka kwa fundi cherehani. Kacheka, kacheka, halafu hakuweza kuacha kucheka, halafu hakikuwa kicheko tena. Midomo ikabadilika rangi. Nikamrudishia barakoa, nikamshika bega mpaka kifua kikatulia. Mfupa mtupu. Huyu alikuwa anabeba bati la futi kumi peke yake, kwa kichwa!

Tukakaa tunasikiliza mashine.

Baadaye akasema polepole, neno moja moja: "Usiigize ugonjwa. Hujui. Wewe acha tu kuigiza uzima."

Nikamwambia kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, nani atanifundisha nyingine?

"Na ukipata mashine," akasema, "uje nayo hapa. Tukae nazo mbili."

Kurudi, kilima. Jumapili, maduka yamefungwa, hakuna hata paka. Nilisimama katikati nimeshika ukuta wa watu. Kijana akapita, kasema shikamoo mzee. Nikainua mkono. Marahaba haikutoka. Mara ya kwanza nadhani maishani mwangu.

Jumanne, 26 Machi

Niko kwenye ngazi za bodi. Lifti imekufa, chumba chenyewe ghorofa ya tatu. Watu wenye akili, hawa! Wagonjwa wa kifua wawapandishe juu.

Sikuvaa suti. Nimevaa sweta aliloninunulia binti. Nilipanda ghorofa ya kwanza nikisalimia wote wanaoshuka. Watu wa maofisini lakini wana haraka — unawauliza za nyumbani, wanajibu salama, wamekwisha pita. Salama moja haitoshi pumzi hata ya nusu ngazi.

Sasa nimekaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Daftari hili lilikuwa mfukoni. Naandika ili anayepita aone mzee mwenye shughuli zake.

Simu inalia. Binti.

Nimepokea. Kasema, "Baba, wale watu wa bodi wamepiga, watanipigia tena sasa hivi. Wananiuliza unaishije. Niwaambie nini? Baba, uko wapi?"

Sijajibu. Kwanza sikuweza. Sasa nadhani naweza, maneno yamekuja, yako hapa kwenye ulimi, nayajua: niko fiti, mwanangu, nakimbiza ngazi. Nikifungua mdomo yatatoka hayo. Ndiyo maana naandika. Mkono ukiwa na kazi, mdomo unatulia.

Simu nimeiweka gotini. Haijakatika. Namsikia. "Baba? Baba, mbona unahema hivyo?"

Juu mlango umefunguliwa. Wanaita mzee wa rufaa. Mara ya pili hiyo.

Mkono wangu umekwenda kwenye simu kuikata. Nimeurudisha kwenye daftari.

Anasema nisiseme kitu. Anasema, "Tulia, Baba, nipo."

Kanyamaza sasa. Nyuma yake namsikia mtoto, anagonga kitu, kijiko labda. Ananisikiliza navuta, natoa, navuta —