Mlamula Unaofungia Mbuzi

Mdogo wangu Kemilembe,

Marahaba kwa shikamoo uliyonitumia katika barua ya Pasaka. Natumaini miguu imepungua kuvimba, kahawa imechanua, na wajukuu wanakutekea maji bila kuchapwa. Mimi sijambo kwa mdomo tu. Daktari ameniambia nisipange mambo ya mwaka ujao. Mkono unatetemeka, kwa hiyo uvumilie mwandiko wa mwalimu aliyewachapa wengine kwa mwandiko mbaya.

Uliniuliza mzee kama mimi hushinda akifanya nini huku kwenye baridi. Nalima, ila ndani ya maji. Mwanangu Deus aliniwekea sebuleni tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, lenye maji ya chumvi, na humo nafuga matumbawe. Usidhani ni mawe. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo walioshikamana, kila mmoja na mdomo wake na vikono vyake, na kazi yao ni kula na kugombea mahali.

Muuzaji alinipa masharti ya mtu anayeanza. Kwanza niyaache maji yatulie miezi kadhaa, na mawe matupu na samaki wawili. Kisha ninunue matumbawe laini: linalofanana na uyoga, na lile la ngozi linalonyumbuka kama sikio la ng'ombe. Nisichukue lililosinyaa wala lenye doa jeupe pembeni. Nikifika nyumbani niliweke chini, penye mwanga hafifu, nilipandishe taratibu, na nisilielekeze kwenye pampu inayosukuma maji.

"Na kati ya moja na jingine uache shubiri nzima," akasema. "Likiwa kali, uzidishe."

Nilitii yote isipokuwa hilo la mwisho. Nilinunua moja kali, gumu, lenye vikono virefu vya kijani, kwa sababu lilikuwa zuri. Nikaliweka karibu na lile la ngozi. Katikati nikapanga mstari wa vijitumbawe vinavyoota kama nyasi, nikavipachika kwenye nyufa za mawe kimoja kimoja, kama tunavyopanda milamula mpakani kwetu. Nikasema moyoni, sasa kila mmoja anajua kwake.

Deus alinicheka. "Baba, hukuwaita wazee washuhudie. Nani atauheshimu huo mpaka?"

Siku chache baadaye mstari wote ulikuwa umeoza, umebaki utelezi wa kijivu. Taa zikizimwa vile vikono vya kijani hunyooka na kuchoma chochote vinachokigusa. Deus alitaka kulihamisha lile kali. Nikamkataza.

"Liache. Nataka nione litaishia wapi."

Liliishia kwenye kioo. Lile la ngozi lilimenyuka vipande siku baada ya siku, nami nimevuta kiti, nanywa chai, natazama. Sikulihurumia. Nilikuwa natazama mtu ninayemjua.

Kemilembe, unamkumbuka Bigirimana, Mrundi aliyekuwa akimlimia baba. Ulipokuwa mtoto wa kubebwa, baba alimpa nusu ya chini ya shamba, akapanda milamula mitano mbele ya wazee wawili, wakanywa lubisi ya ndizi, yakaisha. Mwaka niliomaliza chuo cha ualimu baba akafariki. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kufa, wa pili haoni tena. Hatukuwa na njaa. Sikutaka tu kibarua awe jirani yangu.

Siku Bigirimana alipokwenda Ihembe kwenye palizi, niling'oa milamula minne, nikaipanda chini kabisa, nyuma ya nyumba yake. Unajua ule mti haukatai kuhamishwa. Mvua mbili zikapita. Wewe ulikuwa na miaka minane, na muda wote huo nilikuwa nakuambia: "Baba aliipanda hapa, wewe ukiwa mgongoni kwa mama." Ukaamini. Wazee wa kijiji walipokaa barazani kuamua mpaka wakakuuliza, ulijibu vizuri, kwa sauti, kama nilivyokufundisha kusoma. Nani angemtilia shaka mtoto?

Bigirimana hakugomba. Alichuchumaa mbele yako akasema, "Mtoto, siku ile mimi ndiye niliyekubeba."

Ulilia njia nzima. Nikakuambia waongo ndivyo wanavyosema. Aliondoka na mkewe na binti yake, akaziacha ndizi hazijakomaa, akafia Ihembe kwenye banda la mtu.

Binti ni yule Anastazia anayekupalilia. Uliniandikia kwamba ni mvivu, husimama katikati ya kazi akiangalia chini bila sababu. Sababu anayo. Mlamula wa tano ulinishinda, mizizi ilikuwa imeng'ang'ania jiwe, jembe likavunjika mpini. Ndio ule ulio peke yake katikati ya migomba, unaofungia mbuzi. Kuanzia pale kushuka chini ni kwake: nyumba yako, jiko lako, na kaburi la mumeo.

Nakujua. Ungeichoma barua hii, kisha ukaniombea. Kwa hiyo nakala nimempelekea mchungaji, nimemwomba aisome mbele ya wazee wa kanisa, na Anastazia akiwepo. Yako naiposti siku hiyo hiyo, ila ya kanisani hufika kwanza. Ningeweza kusubiri nife, au ufe wewe. Sikusubiri. Nataka uwepo, useme tena mbele yao kwa sauti ile ile, safari hii ukweli.

Nisalimie shemeji wa Chonyonyo, mjomba asiyesikia, na mwalimu wa kwaya anayekuandikia barua zako. Wajukuu waambie wamfungulie mbuzi, wamfunge kwingine.

Tangini limebaki tumbawe moja. Halina tena wa kumchoma, lakini jioni Deus akizima taa bado linanyoosha mikono.

Ni mimi kaka yako, niliyekutuma ukaenda bila kujua,
Mwalimu Anselmi