Sanduku Halilipiwi

Kijijini, 4 Juni 2024

Mwanangu Lydia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo, ila mgongo unamsumbua mama yako tangu tuanze kuvuna ulezi. Natumaini wewe u mzima na baridi ya huko unaimudu.

Maneno haya siyawezi kwenye simu. Shangazi yako Angela amerudi kutoka Sumbawanga na habari kwamba kwenye kiwanja changu, katikati ya mikaratusi niliyoipanda mwenyewe, unachezesha vijana vita. Wanavaa fulana zenye taa, wanalengana bunduki. Hilo peke yake lilinitosha. Lakini anasema yapo na masanduku ya bahati. Vijana wanakimbilia kuyafungua, huyu anapata, yule anatoka mikono mitupu.

Lydia, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili wa ukatekista. Jumapili nilifundisha juu ya kamari, watu wakanitazama kwa namna ambayo sikuielewa mpaka Angela aliporudi. Ondoa hayo masanduku.

Baba yako,
Alois

Sumbawanga, 11 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Mpe mama pole. Nimemtumia dawa ya kuchua kupitia kwa Shangazi. Mimi ni mzima, nakula, nalala.

Masanduku siyaondoi.

Bunduki zangu hazitoi risasi. Zinatoa mwanga kama ule wa rimoti ya televisheni, na nimezitengeneza kwa ufundi ule ule wa umeme ulionisomeshea. Mwanga ukigusa fulana yako, taa zinazimika, umetoka mchezoni. Miezi ya kwanza masanduku hayakuwepo, na walishinda wale wale wenye mbio. Kuna msichana anaitwa Kabula, fundi cherehani wa sokoni, mguu wake mmoja ni mfupi tangu kuzaliwa. Kila mchezo alikuwa wa kwanza kutolewa, na kila Jumamosi alirudi. Siku moja nikamwambia apumzike, nitampa kazi ya kuwahesabu wenzake. Akanijibu, "Dada Lydia, sikuja kuhesabu watu. Nimekuja kucheza."

Nilirudi nyumbani na aibu. Ndipo nikatengeneza masanduku manne. Ndani ya kila moja kuna kifaa kinachojichagulia chenyewe: uhai wa pili, au ngao ya dakika moja, au hakuna kitu, au king'ora kinachotangaza ulipo. Hata mimi sijui kitatoka nini. Sasa mwenye mbio naye anafika kwenye sanduku, anasimama, anafikiri.

Hakuna anayelipa kufungua. Kamari ni kuweka chako ili uchukue cha mwenzako. Hapa nani ameweka nini? Samahani kwa ukali, Baba, lakini usinihukumu kwa macho ya Shangazi. Njoo na yako.

Mwanao,
Lydia

Kijijini, 30 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu. Mama yako ana nafuu, dawa imemsaidia. Natumaini hujambo.

Leo baada ya Misa halmashauri ya walei ilikaa. Mwenyekiti, mzee Maximilian, aliniuliza mbele ya wote kama kiwanja cha kamari ni changu. Nikasema kiwanja ni changu. Akaniwekea karatasi kwamba nimekuondoa. Nikasaini. Uwe umetoka kabla ya mwisho wa Julai.

Barua yako nilikuwa nayo mfukoni. Sikuwasomea.

Baba yako,
Alois

Sumbawanga, 5 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini nyote ni wazima na mahindi yamekauka vizuri. Mimi nipo, sijaanguka.

Nimehama. Mama Stefania, mjane mwenye tanuri la matofali lililoachwa kwenye njia ya Laela, amenipa nafasi. Kabula na wenzake walibeba masanduku kichwani, tukaanza Jumamosi ile ile.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa mjini, shati jeupe, maneno laini. Anataka kunipa bunduki mpya ishirini. Sharti lake, kila anayefungua sanduku alipe, na atakayelipa zaidi apate ngao. Nikamwambia, "Huyo atakayelipa zaidi atamshinda nani, wakati ushindi ameshaununua?" Akacheka, akaniambia sijui biashara. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake.

Kwa hiyo kamari ilikuja kweli, Baba. Niliyeifukuza ni mimi, si halmashauri.

Tunacheza Jumamosi saa tisa alasiri. Sitakuomba tena.

Mwanao,
Lydia

Kijijini, 23 Oktoba 2024

Mwanangu Lydia,

Salamu. Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia. Hatujambo, mvua za kwanza tunazisubiri.

Tarehe kumi na mbili nilikuja. Hukuniona, ulikuwa umeinamia fulana ukiunga waya. Nilisimama nyuma ya matofali kama mwizi. Kabula ndiye aliyeniona, bila kunijua. Akasema, "Shikamoo mzee, sogea kivulini." Nikamuuliza analipa nini kufungua sanduku. "Silipi," akasema, akaingia mchezoni.

Alifungua moja. Kikalia king'ora. Wakamjia wote. Akaegemea ukuta wa tanuri, akawatoa wawili kabla taa zake hazijazimika. Alishindwa kama wanavyoshindwa wengine, na hakuna aliyemhurumia. Nimefundisha huruma miaka yote hii, sikujua kwamba kuna mtu inamchosha. Nikaondoka bila kukusalimu. Sikuwa na uso.

Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama. Nikasema mwezi wa sita nilisaini dhidi ya mwanangu jambo nisiloliona, sasa nimeliona, si kamari, na saini yangu naifuta. Maximilian akazima kipaza sauti. "Kaa chini, mzee Alois," akasema. Nikamwambia nitakaa nikimaliza. Nikaendelea kwa sauti yangu mwenyewe, mpaka wa benchi la mwisho akasikia.

Jana wameniletea barua ya kunipumzisha ukatekista mpaka niombe radhi. Nimewajibu kwamba kuomba radhi siwezi, kwa sababu sijakosa.

Kiwanja ni chako, ukitaka kurudi au usitake. Bunduki bado sizipendi, hata za mwanga, na hilo tutagombana uso kwa uso. Jumamosi tunakuja wote wawili. Mimi nitakaa pembeni. Mama yako anauliza kama ipo fulana inayomwenea.

Baba yako,
Alois