Kuku wa Mama Teodora

Igombe, Mwanza
Jumatano, baada ya kuanika

Kwako mjukuu wangu, mume wangu Malimi,

Shikamoo yako naidai. Najua utaitoa ukishafungua karatasi hii, kwa hiyo naitikia mapema, marahaba. Habari za Nyakato? Mke mwenzangu Favour hajambo? Na yule mtoto wenu, meno yameshatoka au bado anamng'ata mama yake kwa fizi? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua kila ziwa likichafuka. Mama yako anakusalimu, yuko shambani. Mwezi umepotea, dagaa wanatoka kwa wingi, na leo mchanga wote wa mwaloni unang'aa kwa dagaa mpaka macho yanauma.

Utajiuliza bibi anaandika barua ya nini wakati simu ipo. Simu yako nimeichoka. Nikipiga unasema bibi niko kwenye kikao, na nikianza kukukemea eti mtandao unasumbua. Barua haina mtandao. Wala usifikiri nimeandikiwa na mtu. Ni mkono wangu huu huu wa elimu ya watu wazima, na ukiona herufi zimelala usicheke, nazo zimechoka kama mimi. Atakuletea Modesta, na nimemwambia asimame hapo hapo mpaka umalize kusoma.

Siku uliyonipigia kusema umepandishwa, kwamba sasa wewe ndiye msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha samaki, nilipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani Jairo wakabweka. Nilizunguka mwalo mzima na simu mkononi, namwambia kila niliyemkuta kwamba mume wangu ni bosi, tena bosi aliyeokoka, mtu wa kwaya. Uliniambia utamtumikia Mungu pale pale kazini, zamu yako itakuwa madhabahu. Nikasema Amina kwa sauti. Nilisahau kwamba kwenye madhabahu kuna anayechinjwa.

Wiki iliyopita Modesta, binti wa jirani yangu Getruda, alikuja kumzika baba yake mdogo. Unamjua, yuko chini yako kwenye zamu. Baada ya mazishi alikuja jikoni kwangu, nami nikaanza kukusifu, jinsi nilivyokulea, jinsi ulivyokuwa ukiimba kanisani na suruali inadondoka. Yeye akawa anautazama mchuzi tu. Nikamwambia binti, ukinyamaza jikoni kwangu utaondoka na njaa, sema. Ndipo akasema.

Alisema unawaita watu kabla ya muda wa kazi, unawasimamisha getini kwenye jua uwahubirie. Akasimama akakuigiza, shingo umeikaza kama jogoo aliyemeza punje kubwa, kidole juu. Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu akaendelea, na sikucheka tena. Alisema meza za kukatia minofu ya sangara, pale pakavu penye nafuu, umewapa wenzako wa kwaya. Wasiosali kwenu umewasukuma kwenye chumba cha barafu. Hata Wakatoliki, anasema, umewaweka karibu na mlango wa barafu, kana kwamba wao wamepona nusu.

Akanieleza habari za Minza. Kwamba ni mama mwenye watoto wadogo, ametokea Misungwi, baba yake ni mfumu, mganga wa jadi, na alimvisha bangili ya shaba ya mizimu ya kwao. Anaivua getini kila siku kama kiwanda kinavyotaka, na akitoka anaivaa. Hajavunja sheria ya mtu. Lakini wewe ulimwambia mbele ya watu wote kwamba nuru na giza havikai meza moja, ukampeleka kwenye barafu. Ukamwambia tena kwamba mwisho wa mwezi, utakapotaja vibarua wa kubaki, yeye hatatajwa asipoiacha hiyo bangili na kusimama kwenye maombi yako. Modesta anasema vidole vya yule mama vimepasuka, mkono haukunjiki, akifika nyumbani mtoto wake ndiye anayemfunga kanga.

Malimi, nani alikufundisha hayo? Mimi sikukufundisha. Na aliyenifundisha mimi, angekusikia angekuchapa na fagio lake la dagaa.

Hukumkuta Mama Teodora, alikufa wewe ukiwa tumboni. Wakati ule Igombe hii haikuwa na nyumba za wageni wala muziki wa kupasua masikio. Ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake. Tulianika chini, kila mtu na kipande chake, tukigeuza dagaa kwa fagio huku tunaimba na kusengenyana, na harufu ile mpaka leo nikiisikia asubuhi najiona nina kiuno chembamba. Ee, nilikuwa nacho, uliza wazee. Adui yetu alikuwa mvua. Mawingu yakitokea upande wa Ukerewe, kila mwanamke alikimbilia dagaa zake. Vikongwe waliangushwa, wajawazito walisukumwa, watu walipasuana vichwa kwa makarai. Wenye nguvu waliokoa, wengine walilia.

Mama Teodora alipochaguliwa kutuongoza, hakutuhubiria hata neno moja. Alituambia tu kwamba mvua ikija tutaanua pamoja, tutaanza na wasio na mbio, na dagaa zake yeye zitakuwa za mwisho. Tulidhani ni maneno ya siku ya kwanza, si unajua viongozi. Mvua ikaja. Akasimama katikati na sauti yake ile ya kuvusha ng'ombe, anatupanga, wewe kule kwa bibi kizee, wewe kwa yule mwenye tumbo, anafagia na kubeba karai kama kijakazi wetu. Tulipofika kwenye dagaa zake zilikuwa zinaelea. Mvua iliyofuata, hivyo hivyo. Dagaa walioloa hakuna anayenunua, ni chakula cha kuku. Basi kuku wa Mama Teodora walinenepa! Mwalo mzima hakukuwa na kuku kama wale, wanatembea wanayumba kama mabibi harusi. Mgeni akiuliza kiongozi wenu ni nani, tulimwambia katazame kuku. Mume wake Paulo alinung'unika kwamba ameoa mfugaji bila kujua. Mama Teodora alicheka tu akachinja mmoja, akatuita.

Wale wanawake sasa wamelala karibu wote. Nikipita pale alipokuwa akianika, ambapo leo wameweka viti vya plastiki na mwamvuli wa bia, huwa nasimama kidogo. Watu wanadhani ni goti.

Sasa nakwambia jambo ambalo hata mama yako hajui vizuri. Nimesikia unavyotangaza huko kwamba ukoo wetu ni wa Kikristo toka zamani, eti damu yetu imeoshwa kabla hujazaliwa. Nani alikwambia? Mimi nilipofika mwaloni hapa kutoka Misungwi sikuitwa Rebeka. Niliitwa Kabula, na baba yangu alikuwa mfumu, tena mkubwa, watu walitoka mbali kumfuata. Nilikuwa na bangili ya shaba mkononi na shanga shingoni, na simbi mbili, zile kauri nyeupe, kiunoni ambazo babu yako tu ndiye aliyezijua. Wanawake wa kanisa walinikataza kuanika karibu nao. Walisema dagaa zangu zina mizimu, zitachafua za kwao. Nikawa naanika peke yangu kule kwenye mawe, ambako dagaa hawakauki, wanaoza.

Mama Teodora hakugombana nao. Asubuhi moja alibeba fagio lake na karai lake, akaacha mahali pake pazuri, akaja kuanika kwenye mawe pamoja nami. Basi. Hakuniambia nivue kitu, hakunikaribisha maombi. Na mvua ilipokuja siku hiyo, aliwaita wote waje waanze na za Kabula. Walikuja wamenuna, lakini walikuja. Dagaa zangu zilipona zote. Za kwake walikula kuku.

Nilikaa na jambo lile moyoni muda mrefu likinisumbua kama mwiba wa samaki. Mwishowe mimi ndiye niliyemfuata nikamuuliza huyo Mungu wake ni wa namna gani, anayemfanya mtu mzima mwenye akili aache mali yake ioze. Akanijibu kwamba yeye ni mwanika dagaa tu, nije Jumapili nimuulize mwenyewe. Nikaenda na bangili yangu mkononi. Niliivua mwaka uliofuata, kwa mkono wangu, na hakuna aliyenishika. Ndivyo Kabula alivyokuwa Rebeka, na ndivyo wewe ulivyopata kwaya ya kuimbia. Tungempata msimamizi kama wewe siku zile, mume wangu, leo ungekuwa unapiga ramli kule Misungwi, tena kwa shingo hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, mtoe yule mama kwenye barafu. Ukisema mezani hamna nafasi, ipo, ya kwako. Wewe ingia humo kwenye baridi, ukae mpaka ukumbuke maana ya nyimbo unazoimba kwenye kwaya. Ulimwaibisha mbele ya watu, umwombe radhi mbele ya hao hao, na mwisho wa mwezi jina lake liwe la kwanza kutoka kinywani mwako. Kanisani usimwalike. Akikuuliza yeye, hapo ndipo useme. Na kama hatakuuliza mpaka ufe, bado atakuwa anakata minofu mahali pakavu.

Wala usiniletee maneno kwamba wakubwa wako watakuona dhaifu. Kazi ukipoteza, fagio liko huku.

Nisalimie mke mwenzangu, mwambie zile mboga za kukausha nitampa Modesta. Mbusu mtoto kwenye kisogo. Mungu akulinde na akulainishe shingo. Ningeongeza mengine, lakini upande wa Ukerewe kumeshakuwa kweusi na Roza, mwenzangu wa kuanika, ananipigia kelele. Siku hizi mwenye sauti hapa mwaloni ni mimi, kama hukujua. Naanza na dagaa za Roza, mgongo wake mbovu. Zangu ziko mwisho, karibu na maji. Kuku wangu wameshatoka bandani, wamejipanga ukutani wananitazama. Wananijua.

Ni mimi mkeo mkubwa,
Bibi Rebeka Kabula