Redio ya Kamugisha

Jumatatu, tarehe 3
Masizi tu leo. Redio ya marehemu Kamugisha, rafiki yangu wa Rubafu, imekaa miaka juu ya jiko la mkewe; sasa iko mezani kwangu. Nimefungua sanduku, nikatoa chasisi, bati linaloshika mitambo yote. Mende sita na punje za kahawa ya kutafuna. Mchoyo yule alizificha humo zisigawiwe wageni. Nimetafuna moja. Ngumu kama msumari.

Jumanne, tarehe 4
Brashi, pamba, gongo. Wengine hutumia spiriti. Mimi gongo, maana inayobaki haimwagwi. Bati la chasisi limeanza kung'aa. Mjane, Ma Adela, kapiga simu. Jumamosi ukoo unagawa vitu vya marehemu. Shemeji yake Rwegoshora ameapa: redio isiposema, inaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. "Waitu, tafadhali, usiniaibishe." Nimemwambia akaange senene, panzi wetu wale.

Alhamisi, tarehe 6
Mpumbavu mimi. Valvu, zile taa za kioo, nimezichomoa zote nikazisugua kwa gongo mpaka zikametameta. Nimefuta na namba zake! Mbili ni mapacha kabisa. Nikikosea tundu, inaungua, na nyingine haipo Bukoba wala Muleba. Miaka yote nimewatukana mafundi wenzangu kwa kosa hilihili. Sijala.

Ijumaa, tarehe 7
Asubuhi nimeishika valvu moja karibu na mdomo, nahema kwa hasira. Pumzi ikatua kwenye kioo. Namba ikajitokeza! Hafifu, ikapotea. Nikahema tena. Nikaandika kwa penseli. Na ya pili vilevile. Gongo ilifuta, pumzi ya gongo imerudisha. Nani alisema darasa la nne halitoshi? Nimebadilisha kapasita mbili, nimerudisha kila kitu. Umeme umekatika mtaani kwangu, Miembeni nzima, tangu mchana. Sijaijaribu. Naenda nayo hivyohivyo.

Jumamosi, tarehe 8
Rubafu. Ukoo wote chini ya turubai. Rwegoshora kaja na mnunuzi wa vyuma, mtu wa mizani kabisa. Nikachomeka. Kimya.
"Mzee, umetuletea maiti iliyoogeshwa," Rwegoshora akasema.
Nikamwambia valvu ni kama wazee, haziongei hadi zipate moto. Mdomo ulisema hivyo. Jicho lilishatafuta njia ya kutokea, daftari hili silidanganyi.
Kisha mngurumo. Kisha mwanamume akaanza kuongea, lugha ya mbali huko.
"Anasema nini?" Rwegoshora akauliza.
"Hata Kamugisha hakuwahi kumwelewa. Na alimsikiliza kila jioni," nikamjibu.
Ma Adela alicheka mpaka machozi yakageuka ya kweli. Redio imebaki kwake. Mtu wa mizani kaondoka na sufuria iliyotoboka.

Jumapili, tarehe 9
Misa nimeikwepa. Mungu ananijua. Senene za Ma Adela zimeisha, nimekula peke yangu. Meza tupu. Pale redio ilipokaa pamebaki alama ya masizi, pembe nne. Kitambaa kipo. Gongo ipo.
Alama nimeiacha.