Kilio Kilichopigiwa Makofi

Jumamosi, jioni. Mvua ya jana imeacha tope jeusi linalonata viatuni, na joto limerudi kana kwamba halikuwahi kuondoka. Ninaandika kwa simu, nimeketi nje ya jiko la Mama Mkubwa Kadzo, dada yake mama yangu, katika kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Minjila. Uwanja umejaa wanawake. Hakuna anayezungumza kwa sauti.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu niliwaahidi hotuba. Hotuba ilitolewa. Nitaieleza, kwa sababu niliahidi.

Siku nzima ya leo nilikuwa na haki.

Asubuhi nilipanda basi la kukodi mjini Garsen, penye wachuuzi wa mbuzi. Lilikuwa limetoka Malindi, limejaa mashabiki wa ile tamthilia ya kihistoria ambayo nchi nzima imeililia: misafara, bunduki za gobori, mtoto anayetekwa, mama anayebaki ukingoni mwa mto akiomboleza. Sehemu kubwa ilirekodiwa hapa kwetu, katika kijiji cha bandia kilichojengwa kando ya Tana, karibu kabisa na mashamba ya watu wanaoishi kweli. Kazi ilipokwisha, vibanda havikubomolewa. Sasa wageni huletwa kuvitazama.

Niwaeleze abiria wenzangu kama nilivyowaona, bila huruma. Kulikuwa na kijana aliyevaa kofia ya mteka watumwa, akijipiga picha na jambia la plastiki. Kulikuwa na wanawake wawili waliojitanda kaniki mpya, lile vazi jeusi la utumwani, nazo zimepigwa pasi. Nimesoma historia chuoni kwa miaka mitatu na sijakutana popote na mtumwa aliyepigiwa pasi.

Bi Salome, mwongozaji wa safari, ananifahamu kwa makelele yangu ya mtandaoni. Nilipoketi akaniuliza, "Komredi, leo utatuacha tufurahi japo kidogo?"

"Furahini," nilimjibu. "Hata waliokuwa wakinunua watu walifurahi."

Basi zima likageukia madirisha hadi tulipoacha lami. Nilijipenda sana wakati ule.

Kwa asiyejua, huku kwetu kilio ni mwito. Mwanamke akipaza kilio, aliye shambani hutupa jembe, aliye mtoni hugeuza mtumbwi, na Waorma wanaonywesha ng'ombe huacha mifugo yao na kuja na fimbo, maana hakuna ajuaye kama ni mauti, ni moto au ni mamba. Watu hufika kwanza, maswali hufuata. Siku ya kwanza ya kurekodi kile kilio cha tamthilia, kijiji kizima kilifika mbio na kuiharibu picha. Mwelekezi wa tamthilia akafoka. Watu wakaambiwa wasije wakisikia kilio siku za kamera. Baadaye wakaambiwa wasije siku za basi.

Wakajifunza. Walijifunza vizuri kupita kiasi.

Na mwenye kilio chenyewe ni Mama Mkubwa. Aliteuliwa kutoka katika kundi la wanakijiji, akalia mbele ya kamera, na tangu hapo kila basi likija hulia tena. Mwelekezi alimfundisha aitande leso mabegani na kuweka mikono kichwani, kwa kuwa inapendeza machoni. Kilio cha kweli hakiko hivyo. Mwanamke mwenye msiba huifunga leso kiunoni, kwa sababu kuna kazi mbele yake: kukimbia, kubeba, kumshika mwenzake asijitupe chini. Hilo hata mimi niliyelelewa Garsen nalijua tangu utotoni.

Tulipofika nilimkuta akijiandaa. Nikamwambia, tena mbele ya watu, kwamba machozi yake yamefanywa bidhaa.

Alicheka. "Mwanangu, nimelia bure miaka mingi. Mbona hukuja na kelele hizi?"

Mumewe, Baba Karisa, ambaye mimi humwita Baba Mkubwa, alikuwa akipita na ngazi begani. Alikuwa anakwenda kuziba paa la kibanda cha mwisho, ambalo makuti yake yalikuwa yameoza. Katika kibanda kile haujawahi kupikwa hata uji. Nyumba zetu huwa na moshi, na vitu vingi hukimbia moshi. Kile hakina.

"Msomi," aliniita, "ukimaliza kutukomboa, njoo unishikie ngazi. Hii inacheza."

"Nikimaliza, Baba Mkubwa."

"Haya. Uhuru kwanza, makuti baadaye."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Akaenda.

Mama Mkubwa akalia kilio chake cha wageni, leso mabegani, mikono kichwani. Mashabiki walifuta macho, wakapiga makofi, wakaomba picha naye. Kisha akachukua kata ya maji ampelekee mumewe, naye akapotelea nyuma ya vibanda. Nikamwomba Bi Salome kipaza sauti. Alinipa, akidhani nitatoa shukrani.

Nilisema nini? Niliuliza ni nani aliyewaambia kwamba historia yetu inaanza siku tuliyofungwa minyororo. Niliuliza, mkulima wa Minjila anapochukuliwa shamba na mafuriko, ni nani hukodi basi kuja kumtazama. Niliwaambia kwamba wanamlilia mama wa kwenye skrini huku mama wa shambani amesimama mbele yao na hawamwoni. Niliona nyuso zikiinama. Nilisikia sauti yangu ikigonga maji na kurudi. Kuna ulevi ambao hauuzwi dukani, nao ni kuwatazama watu wakiona haya kwa sababu yako.

Nilikuwa nimefika kwenye aya ya heshima ya mwanadamu.

Kilio kilitoka nyuma ya kibanda cha mwisho, chembamba kwanza, kisha kikapanda. Mama Mkubwa akatokea akikimbia. Leso ilikuwa imefungwa kiunoni.

Niliiona. Ninaliandika hili wazi kwa sababu kesho nitatafuta njia ya kulikana. Niliiona leso, nikajua maana yake, na sentensi iliyokuwa kinywani mwangu ilikuwa nzuri mno kuachwa.

Simu zikainuliwa. Nami nikanyoosha mkono kumwelekea, kama wakili anayeonyesha kielelezo mahakamani, nikasema kwa sauti iliyofika ng'ambo: "Mtazameni. Hata hajapumzika, na tayari analazimika kulia tena kwa ajili yenu. Hivi ndivyo mlivyomfanya."

Wakapiga makofi. Walimpigia yeye, wakanipigia na mimi. Kijana wa kofia akamwambia jirani yake, "Hii ya pili imeiva kuliko ya kwanza."

Mama Mkubwa hakuwatazama. Alinijia moja kwa moja, akanikamata mkono uliokuwa na kipaza sauti, na maneno yake yakatoka kwenye spika, wote wakayasikia. "Gari. Naomba gari. Baba Karisa ameumwa na koboko."

Mtu mmoja akacheka, kwa upole, kama watu wanavyocheka ukumbini. Wengine waliendelea kurekodi. Nitawalaumu vipi? Ni mimi niliyewaambia kwamba ni mchezo.

Na mashambani, ambako jembe lilipaswa kutupwa chini, hakuna aliyesogea.

Alikuja mtu mmoja tu. Ni Galgalo, Muorma anayenywesha ng'ombe kwenye njia ya mtoni iliyo jirani, ambaye mwaka mzima huu amegombana na Baba Mkubwa kwa sababu ya mahindi yaliyoliwa na ndama. Alifika akihema, fimbo mkononi. Aliutazama umati, akamtazama Mama Mkubwa.

"Mama amefunga leso," alisema. "Nyinyi napiga picha?"

Hakungoja jibu. Alikwenda nyuma ya kibanda, akarudi amembeba Baba Mkubwa mgongoni, mzee mwenye mizaha yake, miguu ikiburuta tope. Hapo ndipo simu ziliposhuka.

Walimlaza kwenye njia ya katikati ya basi, kati ya viti vilivyojaa mifuko ya vitumbua na chupa za maji. Mmoja wa wale wanawake alivua kaniki yake akaikunja na kuiweka chini ya kichwa cha mzee. Nimemkejeli hapo juu, wala sifuti. Alistahili kejeli asubuhi. Mchana alikuwa na kazi ya kufanya, akaifanya, huku mimi nikiwa nimeshika kipaza sauti kilichozimwa na sijui nikiweke wapi.

Njiani Mama Mkubwa alieleza, bila kumtazama yeyote. Ngazi ilicheza. Baba Mkubwa akatumbukiza mkono kwenye makuti ili ajishike. Nyoka yule alikuwa humo. Alimuuma mkononi, na alipoteleza akamuuma shingoni.

"Ngazi haikuwa na mtu," alisema. Basi.

Basi lilikwama mara mbili kwenye tope. Nikitaka, naweza kulilaumu tope. Baba Mkubwa alinitazama kwa macho ambayo kope zake zilikuwa zikishuka zenyewe, akajaribu kuniambia kitu, na ulimi ukakataa. Pengine ulikuwa mzaha.

Alikufa kabla hatujaiona lami.

Hospitalini Garsen, daktari aliuliza ameumwa saa ngapi. Bi Salome akanitazama. Jibu ninalo, ila halina saa. Aliumwa nikiwa kwenye utangulizi, au karibu na hapo. Mkewe alipoanza kulia nilikuwa kwenye heshima. Alipobebwa mgongoni nilikuwa nimefunga hoja.

Alasiri tulimrudisha nyumbani kwa pikapu. Desturi ni kwamba mke huanza kilio, wengine hukipokea, na kabla jua halijasogea ukingo wote huwa umejua. Wanawake watatu waliokuwa naye walimsubiri aanze. Mama Mkubwa aliketi chini, akanyoosha miguu, akakaa kimya.

"Dada, lia," mmoja alimsihi.

"Nikilia sasa, atakuja nani?"

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningetoa chochote ili awe nayo. Alinirushia leso nijitande mabegani, maana nilikuwa nimevaa suruali ya jinzi. "Wewe una maneno," alisema. "Nenda kawaambie."

Nikaenda. Nyumba ya kwanza nilimkuta Mama Nyevu akipukuchua mahindi. Nilimwamkia, nikamwambia nina habari nzito.

"Tulisikia kilio mchana," alisema, vidole vyake vikiendelea na kazi. "Tulisikia na spika. Tukajua ni wageni."

"Baba Karisa amefariki."

"Amefariki kweli, au ni ya wageni?"

Nikaeleza. Nilieleza koboko, kibanda, basi, tope, daktari wa Garsen. Mpangilio ulikuwa mzuri, kila jambo mahali pake. Kadiri nilivyoendelea ndivyo alivyozidi kutabasamu. "Nyinyi wa chuo," alisema, "mtafika mbali kwa kuigiza."

Maneno yakaniishia. Sikumbuki kama jambo hilo limewahi kunitokea. Nilisimama pale uwanjani, nikaivua leso mabegani, nikaifunga kiunoni.

Gunzi likamtoka mkononi.

Nyumba zilizofuata sikusema neno. Nilisimama mlangoni jinsi nilivyokuwa, wakanitazama kiunoni, na wakaanza kulia.

Sasa wako hapa wote. Galgalo yumo, ameketi kando ya watoto wa marehemu. Ng'ombe wake waliingia shambani kwa watu alipowaacha, na leo hakuna aliyemdai mahindi. Kesho tutazika. Mjomba mmoja amenijia punde hivi, akaniomba niseme machache kwa niaba ya familia, kwa kuwa mimi ndiye msemaji. Nimemkatalia. Ameniona mwenye adabu.

Bi Salome alikwisha kuituma video ya hotuba yangu kwenye kundi la safari kabla ya habari za kifo kuenea, na imesambaa. Watu nisiowajua wananisifu. Wanasema nimewasha moto. Nimeitazama nikitafuta kosa katika hotuba ile, ili angalau nipate kitu cha kusahihisha. Hakuna. Kila sentensi inasimama.

Ila mwanzoni kabisa, wakati bado ninajaribu kipaza sauti kwa kidole, nyuma ya bega langu kinaonekana kibanda cha mwisho, na ngazi imeegemea ukuta. Inatikisika kidogo. Ukitazama vizuri utaiona miguu ya mtu, imesimama kwenye kipago cha juu cha ngazi.

Nimeisimamisha video hapo, akiwa bado juu.

Nikiibonyeza iendelee, nitaanza kuzungumza.