Ukuta Usio na Tiyo

Jumatatu, 3/10

Version mpya ya programu ya kuchorea imeingia biro, hapa ofisini kwetu. Ile ya zamani imefutwa kwenye mashine zote, Chef Bruno, bosi wetu, hakutuuliza. Miaka kumi na tisa nachora plan kwa ile ya zamani! Mikono ilijua njia yenyewe. Leo nimetafuta mahali pa kuchora mstari kama mgeni anayetafuta choo kwa watu.

Colombe ndiye aliyeiweka. Miaka ishirini na sita, ingénieur, amemaliza masomo Kampala. Alipokuja hapa kufanya stage, bado mwanafunzi, mimi ndiye niliyemfundisha kusoma plan. Leo yeye anatufundisha sote. Akaniinamia: "Mama Chadia, iko sawa?" Sawa kabisa, nikasema. Sikuelewa hata nusu.

Jumanne, 4/10

Formation tena, mafunzo ya programu mpya. Wengine wanauliza maswali bila haya. Mimi niliye mkubwa wao, nitauliza nini? Naandika kila kitu kwenye daftari, kisha nalificha ndani ya sakoshi. Chef amesema mbele ya wote: muangalie Mama Chadia, yeye ameshashika. Nikatabasamu. Meno tu.

Alhamisi, 6/10

Plan ya Nyangezi ilipaswa kutoka leo. Ukuta wa mawe nyuma ya shule, wa kuzuia udongo wa mlima usishuke kwenye madarasa. Nimefungua faili — kisanduku kikaruka katikati ya screen, maneno mengi. Sijui dessin gani, mchoro gani, haionekani, niitafute au niipuuze. Colombe alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anakula muhindi. Kumwita tu! Nikabonyeza "Ignorer". Kisanduku kikaenda zake. Ukuta upo, vipimo vipo. Nikachapisha, Chef akasaini.

Nilijisikia hodari. Naandika ukweli.

Jumatano, 19/10

Papa Apollinaire amepiga simu kutoka Nyangezi. Ndiye kapita, msimamizi wa wajenzi kule, tumefanya naye kazi tangu mwanangu Chadia akiwa mgongoni. "Mama Chadia, mu hii plan sioni tiyo, yale mabomba ya kutoa maji nyuma ya ukuta. Zile za siku zote. Mulizitoa?"

Chef alikuwa pale, Colombe pia. Ningefungua faili wangeniona nikihangaika. Nikamjibu kwa sauti kubwa: "Papa Apollinaire, fuata plan."

Akajibu: "Sawa, mama. Weye ndio unajua."

Jumatatu, 14/11

Mvua tangu Jumamosi. Leo asubuhi Apollinaire amekuja mwenyewe na pikipiki, matope mpaka magotini. Ukuta umepasuka. Umevimba katikati kama tumbo. Maji yamejaa nyuma yake, hayana pa kutokea. Masoeur Fanny, mtawa, directrice wa shule, ametoa watoto wa madarasa mawili, wanasomea kanisani. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyeumia!

Apollinaire alieleza yote hayo kwa Chef bila kunitazama hata mara moja. 

Jumanne, 15/11

Nimefika biro kabla ya wote. Nimefungua faili ya Nyangezi na kisanduku kile kile kimeruka. Safari hii nimekisoma neno kwa neno. Tiyo na mitaro vimechorwa kwenye dessin ya pembeni, inayoshikamana na ile ya ukuta. Mafaili yalipopangwa upya kwa ajili ya version mpya, hiyo dessin ikahamia dossier nyingine, folda nyingine. Programu haikujua iko wapi, ikaniuliza. Iliniuliza kwa Kifaransa safi! Nikaionyesha dossier. Tiyo kumi na nane zikarudi mahali pake. Kazi ya dakika moja.

Kisha nikafungua plan ya Walungu, centre de santé, kituo cha afya. Niliitoa mwisho wa mwezi uliopita. Pale pia nilibonyeza "Ignorer". Ukuta mtupu. Tena huu ni mrefu kuliko wa Nyangezi, na wodi ya wazazi itakaa chini yake. Mawe yanaanza kupangwa Jumatatu.

Sijamwambia mtu. Nimekaa na hilo siku nzima, nikachora choo cha villa moja ya mtaa wa Muhumba. Choo!

Alhamisi, 17/11

Kikao. Chef alikuwa amevimba hasira. "Colombe, version yako imekula plan!" Colombe akajibu polepole kwamba programu haiondoi kitu bila kuuliza. Kuna mtu aliulizwa. Chef akapiga meza: "Nani? Mama Chadia wa miaka kumi na tisa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka! Nilisikia kicheko changu kikitoka, Mungu wangu, na sikukizuia.

Halafu mbaya zaidi. Chef ananiambia, wewe ni mukubwa hapa, andika demande d'explication, Colombe ajieleze kwa maandishi, kama hawezi basi arudi kwao. Nimeiandika. Nimeandika "uzembe". Nimeandika "maisha ya watoto". Nimeitafutia hata maneno mazuri! Nilipompa, akapokea kwa mikono miwili. "Asante, mama."

Nyumbani Chadia ameuliza kwa nini sili. Nikasema tumbo.

Ijumaa, 18/11

Saa nne. Niko kwenye benchi nje ya mlango wa Chef. Naandika ili mikono ipate kazi. Apollinaire yuko ndani. Colombe amekaa karibu yangu, jibu lake liko ndani ya bahasha.

Amesema sasa hivi, kwa sauti ya chini: "Mama, jana nilifungua ile plan ya Nyangezi. Tiyo zilirudishwa Jumanne, saa moja na dakika makumi mbili ya asubuhi. Kwa mashine yako."

Nimefunika ukurasa huu kwa mkono.

"Sikuandika ile mu barua," akasema.

 Anaangalia viatu vyake. Macho yake ni mekundu. Hakulala huyu mtoto. Mimi nimemfanya asilale.

Mlango wa Chef haufungiki vizuri. Namsikia: "Papa Apollinaire, mutu wa miaka yako anajenga ukuta bila tiyo? Haukuuliza mutu?"

Apollinaire anajibu: 

"Chef, sikumbuki."

Anakumbuka! Neno kwa neno anakumbuka. Muzee mzima anajifanya mjinga, anachukua lawama ya wajenzi wote, ili mimi nisiguswe. Wawili sasa wananificha, na hakuna hata mmoja niliyemwomba. Ingekuwa afadhali wanitukane. Na hawajui habari ya Walungu. Ni mimi peke yangu ninayeijua, na zimebaki siku tatu tu kufika Jumatatu.

Apollinaire ametoka. Amepita na kofia mkononi: "Mama Chadia, habari ya nyumbani?" Nzuri, nimejibu. Nzuri!

Chef anaita: "Colombe!"

Colombe ameinuka. Nimemvuta sketi, nimemwambia akae. Nimeinuka mimi. Chef amesimama mlangoni, ananitazama, analitazama na hili daftari.

"Hapana weye, mama," anasema. "Naita Colombe."

Bado nimesimama. Nimemwambia, Chef, Walungu pia hakuna tiyo, ni mimi niliyebonyeza —